Vuka Barabara, Uniite Harusini

Nyinyi mliobaki dukani mliniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa, ili siku mkikwama muwe na mahali pa kuchungulia. Sawa. Habari za vyeo na mishahara sitaandika. Duka letu halijawahi kuwa na vyeo zaidi ya "mwenyewe" na "wengine", na mshahara kila mtu anajua alivyoutumia. Nitaandika kuhusu kadi za harusi, kwa sababu ndizo zilizonizeesha, na kuhusu barabara, kwa sababu bila barabara hakuna kadi nzuri hata moja niliyowahi kutengeneza.

Nilifika Ruiru nikitoka magharibi, nikimfuata mume wangu ambaye alikuwa amepata kazi kiwandani. Tulipanga chumba Gitothua. Karibu na hapo kulikuwa na duka la kuchapisha la mzee mmoja aliyeitwa Gathogo, lililobanwa katikati ya saluni na mwuza mafuta ya taa. Niliingia na mtoto wangu Edu mgongoni, nikasema natafuta kazi. Mzee Gathogo hakuinua macho. Alinionyesha kidole nje, upande wa pili wa barabara, palipokuwa na buchari.

"Vuka barabara," akasema. "Ukifika kwa ile buchari, geuka, uniombe kazi kutoka huko."

Nilidhani ni njia yake ya kunifukuza. Lakini sikuwa na pengine pa kwenda, kwa hivyo nikavuka, nikasimama kando ya mguu wa mbuzi uliokuwa umening'inizwa, nikapiga kelele: "Mzee, nipe kazi! Hata kukunja karatasi! Mtoto ameanza kupenda mayai!" Watu wa saluni walitoka na rola kichwani. Mwenye buchari akaniunga mkono, akapaza sauti, "Mpe, Gathogo, mayai si mchezo!" Niliporudi, Mzee alikuwa ameshayaandika maneno yangu kwenye kadi nzuri ya krimu, na maua pembeni. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kuajiriwa. Bado ninayo, na bado inasema mayai.

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi. Mteja akija na karatasi iliyoandikwa "familia zetu zina furaha kubwa kuwaalika", Mzee alimrudishia. "Huyu ni nani anaongea?" alikuwa akiuliza. "Wewe unaongea hivi? Vuka." Mteja alivuka, Mzee akasimama mlangoni akijifanya rafiki wa mteja anayepita zake, na mteja alilazimika kumwita kwenye harusi yake kwa sauti ya kuvuka barabara. Mtu akipiga kelele hana nafasi ya kusema "kwa unyenyekevu mkuu". Anasema "kuja!", anasema ni lini, anasema kutakuwa na nini. Maneno hayo ndiyo tuliyochapisha. Mwenye buchari alialikwa kwenye harusi nyingi kuliko pasta yeyote wa Ruiru, na alihudhuria zote, kwa sababu alisema amesikia kwa masikio yake akiitwa.

Kuna fundi wa nguo mmoja aliyevuka, akasimama kando ya buchari kwa muda, akafikiria, halafu akaendelea kutembea hadi akapotea. Tulimngoja. Mzee akasema hilo nalo ni jibu, akachukua simu akampigia bibi harusi. Yule dada alilia, lakini mwaka uliofuata alikuja na mwanamume mwingine, na huyo alivuka barabara mbio huku akipiga kelele kabla hata ya kufika.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: mashine ya kukata karatasi iliyohitaji kuegemewa na mtu mzito, mfupa mwembamba wa kunyooshea mikunjo, gundi, riboni, na muhuri wa njiwa wawili. Njiwa mmoja alikuwa ameisha kwa kugongwa, akabaki kama kiazi chenye mdomo. Wateja walipouliza huyu wa pili ni nini, Mzee alijibu, "Ni bwana harusi." Hakuna aliyewahi kubisha.

Macho yalipomchosha, Mzee alinipa ule muhuri na ile mashine, akafunga duka akaenda kufuga sungura. Nikahamia Thika, nikafungua duka hili mnalolijua. Kabla ya kulipa kodi nilikagua barabara kwanza. Ng'ambo palikuwa na mashine ya kusaga unga, na ngurumo yake ilifanya wateja wafupishe maneno zaidi. Kadi zetu za miaka hiyo zina sentensi tatu tatu. Watu walizisifu wakidhani ni ubunifu.

Halafu simu za picha zikaja, na kila mteja akawa na picha ya kadi kutoka nchi ambayo hajawahi kufika. Ndivyo walivyoingia Wambui na Simiyu. Wambui alikuwa mwalimu wa watoto wa nasari, msichana mwembamba mwenye kicheko kikubwa, kwao Gatuanyaga. Simiyu alikuwa kijana wa kiwandani aliyekuwa akiishi Kamenu, wazazi wake wakiwa kule kwetu magharibi, na alikuwa akizungumza polepole kana kwamba anapima kila neno kabla ya kulitoa.

"Mama Edu, sasa. Tunataka kadi iko relaxed," Wambui akasema.

"Relaxed ni nini?"

"Ni kama... isikuwe na stress. Ikuwe ni sisi."

Niliwavusha. Wambui alisimama mbele ya mashine ya unga, akaweka mikono mdomoni, akapiga kelele: "Mama Edu! Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunaoana! Kuja kwetu ukae kwa nyasi! Kuna chapati!" Simiyu akavuta pumzi, akafikiria, kisha akaongeza: "Na kuku!"

Nikaitengeneza siku hiyo hiyo, kadi ndogo ya karatasi ya kaki, ya kuenea kiganjani: *Sisi ni Wambui na Simiyu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunaoana. Njooni kwa kina Wambui, mkae kwenye nyasi. Kuna chapati. (Na kuku. – Simiyu.)* Wambui aliishika akacheka hadi akajifuta machozi, kisha akaacha kucheka.

"Nyasi ya Gatuanyaga imekauka, lakini ni sawa," akasema. "Shida ni baba. Tangu mama atuache, baba huniongelesha kama mkutano. Nikimwambia nimepika, anasema 'imepokelewa.' Mimi naolewa naenda Kamenu. Nataka tu hata mara moja aniongeleshe kama mtu, kabla nitoke pale nyumbani."

Nilimwambia kadi itasaidia. Mchapaji husema hivyo kwa kila jambo.

Baba yake, Mzee Njoroge, nilimfahamu wiki iliyofuata. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, mwenyekiti wa josho la ng'ombe, mwenyekiti wa ujenzi wa kanisa, na sasa alikuwa amejichagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mtoto wake. Makamu alikuwa Shangazi Nekesa, dada ya baba yake Simiyu, mama mwenye mwili na sauti, anayeuza samaki sokoni Thika. Kamati ilikutana kwenye hoteli moja ndogo mjini, nami nikaitwa niwasilishe kadi.

Mzee Njoroge aliigeuza mara mbili kutafuta upande wenye maandishi mengine.

"Kadi ni safi," akasema. "Lakini kamati haionekani."

"Na familia ya kijana?" akauliza Shangazi Nekesa. "Ama huyu Simiyu aliokotwa?"

Tukaongeza majina ya wazazi. Mzee Njoroge akamkumbuka kaka yake, mzee wa kanisa, akaingia. Shangazi akasema upande wa msichana ukiongeza mmoja, upande wa kijana nao uongeze mmoja. Hoja ikapita. Basi kila mara upande wa Gatuanyaga ulipoleta mjomba, Shangazi alileta mjomba. Walipoleta binamu, akaleta binamu. Lakini jamaa zake wengi walikuwa magharibi na hawakuwa na habari kwamba wanahitajika, kwa hivyo waliisha mapema, na Shangazi akaanza kumtaja mwenye nyumba ya Simiyu pale Kamenu, kisha jirani wa mlango wa pili, kisha mwanamume anayemletea samaki.

"Huyo ni ukoo?" Mzee Njoroge akauliza.

"Ananiletea samaki mwaka wa kumi. Wewe una binamu amekuletea nini?"

Samaki akapita. Ikabidi aingie pia mwenye hema, mwenye viti na mwenye jenereta, maana bila wao, kamati ilisema, harusi ni ndoto tu. Kila mkutano nilirudi dukani nikapanua kadi. Ilikunjwa mara mbili, ikakunjwa mara tatu, ikafika mahali ukiifungua lazima umwombe jirani yako asogee. Herufi nilizipunguza hadi wazee wakaanza kuisomea mlangoni, penye jua.

Chapati ziliondolewa mapema, kwa sababu kamati ndogo ya chakula ilikuwa haijatoa ripoti. Nyasi iliondolewa kwa heshima ya mwenye viti. Kuku wa Simiyu alipigiwa kura akaanguka. Na bado nafasi ilikuwa haitoshi, kwa kuwa Mzee Njoroge alikuwa amekumbuka cheo cha kila mtu.

Mwenye jenereta, ambaye kwa wakati huo alikuwa na sauti kubwa kwenye kamati kuliko umeme wake, akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, mimi naona hapa juu kuna majina mawili yamechukua nafasi kubwa. Hawa Wambui na Simiyu. Na hawa watu tunawajua."

Nilingoja mtu acheke.

"Kweli," akasema Shangazi Nekesa. "Nani hajui ni nani anaoa?"

"Mwenyekiti," nikasema, "hii ni kadi ya harusi. Bila maarusi ni kadi ya nini?"

"Mama Edu, maarusi wanajulikana," Mzee Njoroge akanijibu kwa upole, kama anavyoelezwa mtu aliyechelewa kufika. "Hawa wengine ndio hawajulikani. Kuna anayependekeza?"

Mwenye jenereta akapendekeza. Mwenye hema akaunga mkono. Ikapita bila pingamizi, kwa sababu Wambui na Simiyu hawakuwa wanakamati. Nafasi zilikuwa zimejaa.

Nilimpigia Wambui simu jioni hiyo. Alicheka, tena kile kicheko kikubwa.

"Printi, Mama Edu," akasema. "Printi vile vile wamesema. Usibadilishe kitu."

Nikachapisha. Na nawaambia jambo ambalo hamtaliamini: kadi zile zilisambazwa Thika yote, Ruiru na Gatuanyaga, na hakuna aliyelalamika. Kila aliyepokea alitafuta jina lake, akalipata, akaridhika, akaikunja. Waliokosa majina yao walilalamika kwamba wamekosa majina yao.

Jumamosi ya harusi ikafika. Nilienda Gatuanyaga mapema nikiwa na mkoba wa programu za ibada, na ndani ya mkoba nilikuwa na mkasi, gundi, riboni, kalamu na kaki zilizobaki, kwa sababu sijawahi kwenda harusi ambayo hakuna kitu cha kubandika. Vumbi lilikuwa limeamka kabla yetu. Kanisa liko karibu tu na kwa kina Wambui; kilichobaki kilikuwa upande wa bwana harusi waje kumchukua, na nyinyi mnajua mambo ya geti. Akina mama wa upande wa msichana hulifunga, wanaimba kutoka ndani, na upande wa kijana unaimba nje na kutoa leso na soda hadi wafunguliwe.

Upande wa Simiyu ulikuja na pikipiki na magari mawili, Shangazi Nekesa mbele akipiga kigelegele. Mzee Njoroge, kwa kuwa mwenyekiti ni wa pande zote, alitoka nje kuukagua msafara. Akina mama wakafunga geti nyuma yake.

"Fungua, mimi ndiye mwenye boma!" akasema.

"Mwenyekiti ni wa pande zote!" wakamjibu kutoka ndani. "Kaa nje na wenzako!"

Watu wakacheka, nyimbo zikaanza. Leso zikapita juu ya geti, soda zikapita. Ilikuwa karibu kufunguliwa, ndipo nyimbo za ndani zikanyamaza, na sauti ya Wambui mwenyewe ikatoka nyuma ya mabati.

"Mmekuja kufanya nini?"

"Kukuchukua!" wakaitikia nje.

"Mimi niko na kadi hapa. Nimeisoma mbele na nyuma. Kuna mjomba, kuna binamu, kuna mtu wa samaki. Wambui haiko. Mimi siwezi kuenda harusi ya watu bila kualikwa."

Kwanza walicheka. Kisha wakatoa kadi zao mifukoni, wakazifungua kwenye upepo, wakaanza kutafuta. Mwenye jenereta alitafuta kwa muda mrefu kuliko wote. Simiyu alikuwa amesimama na suti yake, akisoma kadi ya shangazi yake, akasema polepole, "Hata mimi siko." Na akaketi juu ya jiwe, kwa sababu hakuona haki ya kuendelea kusimama.

Mzee Njoroge akaitisha mkutano wa dharura pale pale kando ya pikipiki. Walikuwa wanatosha kupitisha jambo. Likapitishwa: kamati imealika bibi harusi. Mwenye hema akatumwa getini kulisoma. Akarudi.

"Amesema hajui kamati."

Wakakutana tena, wakaongeza neno "kwa heshima kubwa". Likarudi pia. Pasta alikuwa akingoja kanisani, jua lilikuwa limeshika, na nilimwona Mzee Njoroge akijipangusa uso kwa tai. Alikuwa ameanza kuogopa. Nilimhurumia, na nilikuwa na hasira naye vile vile. Nikamshika mkono.

"Mzee, vuka barabara."

"Nifanye nini huko?"

"Ukifika pale kwa mkonge, geuka. Halafu mwite Wambui kwenye harusi."

Alivuka. Labda kwa sababu ndiye mtu pekee pale ambaye hakuwa amepewa kazi nyingine ya kufanya. Alisimama kwenye vumbi ng'ambo, akashika mifuko ya koti, akakohoa.

"Kwa niaba ya—"

"Hapana!" nikapaza sauti. "Hatusikii huku!"

"Ningependa kuchukua nafasi hii—"

"Hatusikii!"

Alitazama chini. Nilidhani ataondoka kama yule fundi wa nguo. Kisha akainua kichwa, na sauti iliyotoka sikuwa nimeisikia kwenye mkutano wowote.

"Maitu!"

Wambui ana jina la mama yake Mzee Njoroge, na Mkikuyu mwenye binti kama huyo humwita hivyo, mama yangu. Akina mama wa ndani walisema baadaye kwamba hakuwa amemwita hivyo tangu mazishi ya mkewe.

"Maitu, toka! Hawa watu wote wamekuja juu yako! Mimi hiyo kadi sikusoma, nilikuwa naangalia majina ya watu. Mama yako angekuwako, angeniambia. Sasa ukikataa kuja, mimi nitaenda huko nikae na nani?"

Nilikuwa nimeshaegemea kiti cha pikipiki, naandika. Kwenye kadi ya kaki niliandika vile vile alivyosema, neno kwa neno, hadi "nikae na nani". Wambui alikuwa amesikia yote. Kila mtu hadi kanisani alikuwa amesikia. Lakini alikuwa mteja wangu, na alikuwa ameagiza kadi. Nikafunga riboni, nikaipitisha chini ya geti.

Shangazi Nekesa alijiziba mdomo kwa leso. Kisha sauti ya Wambui, ikitokea puani kwa kulia: "Mama Edu, uko na kalamu?"

Nikapitisha kalamu. Baada ya muda kadi ikarudi chini ya geti, imegeuzwa. Nilimpelekea Mzee Njoroge pale alipokuwa bado amesimama ng'ambo, maana hakuna aliyemwambia arudi, na Simiyu akainuka kwenye jiwe lake akanifuata. Wakaisoma pamoja, vichwa vimegusana.

*Baba na Simiyu, ingieni. Mmealikwa. Kuna chai kwanza, halafu twende. – Wambui.*

Mzee Njoroge aliisoma tena peke yake. Alitaka kusema kitu, akafungua mdomo, na maneno pekee aliyoyapata ni yale aliyokuwa ameyazoea.

"Naunga mkono," akasema, akilia.

Na geti likafunguliwa.